Hodi kwa Wenye Gemu

Kila kulipokucha katika ule mji wa kwenye televisheni, mzee mmoja mwenye sharubu na kofia pana alijitokeza katikati ya daraja, akavua kofia, akasema maneno mawili matatu ya kizungu. Hakikuwa Kiingereza. Kiingereza cha kubahatisha tulikuwa nacho, tungekitambua. Mama yangu, akiwa amekaa juu ya kreti la soda lililogeuzwa, padi ya gemu mikononi na kanga begani, alimjibu, "Marahaba."

Alimjibu kila mara, wala hakuwa anatania. Siku moja kaka yangu alimwambia kwamba pengine yule mzee hasalimii, pengine anadai ushuru wa daraja. Mama hakuondoa macho kwenye kioo.

"Mtu akikuvulia kofia anakusalimia," alisema. "Na huu mji nimejenga mimi, kwa hiyo shikamoo ni yangu. Wewe ulikuwaga wapi nikichimba kisima?"

Hiyo ilikuwa Kabasa, pale Bunda, ndani ya kibanda chetu cha mabati ambacho mchana ungeweza kuokea mkate. Kulikuwa na televisheni mbili za chogo, mashine mbili za gemu, benchi, na tangazo nililoliandika mwenyewe kwa rangi ya kuombaomba: hakuna sare za shule, hakuna matusi, hakuna kula muhogo ukiwa umeshika padi. Watoto walikuja kwa ajili ya mpira na ngumi. Gemu ya mji hakuna aliyeitaka. Ilikuja tu ndani ya mfuko wa CD za mtumba, haina hata kasha, na wateja wetu waliijaribu mara moja wakaitupa. Unapewa bonde tupu lenye mto. Unajenga nyumba, soko, kisima, daraja. Ukipanga vizuri watu wanahamia, ukiwanyima maji wanafunga mizigo na kuondoka. Hakuna kupigana. Watoto wa Bunda waliona huo ni upuuzi, mama akaona ni maisha.

Jioni, baada ya kumtoa mteja wa mwisho, aliinjika maharage kwenye jiko la mkaa mlangoni, akakaa kwenye kreti lake, akaendelea kujenga. Aliwagombeza wakazi wake kama anavyogombeza wanakwaya waliochelewa. "Maji nimewapa, soko nimewapa, mnataka nini tena?" Mimi na kaka tulikaa kwenye benchi nyuma yake tukimwelekeza, naye hatusikilizi, na maharage yakiungua tulikula yaliyoungua. Nilikuwa na furaha pale kuliko mahali pengine popote nilipowahi kukaa baadaye. Nasema wazi kwa sababu nimeshachoka na watu wanaodhani utoto wa kibandani ni wa kusikitikia. Mama yangu alifua, alilima, alizika, aliuza, na sikuwahi kumwona akifanya jambo kwa ajili ya raha yake tu isipokuwa lile.

Mashine zile zilinunuliwa kwa fedha ya mtumbwi wa baba, na bila mtumbwi huo hadithi hii haieleweki.

Baba alikuwa mvuvi wa Kibara. Kijijini kwetu mtumbwi haukuanza na karatasi. Ukiupenda wa mtu, namna unavyokata wimbi na namna unavyobeba nyavu bila kuinama, unampeleka fundi auangalie, kisha anakutengenezea wako unaofanana nao. Lakini kabla ubao wa kwanza haujakatwa, ni lazima uende kwa mwenye mtumbwi, upige hodi, uweke samaki wako chini, useme umekuja kuomba umbo. Baba alikwenda mpaka Murangi kwa baiskeli na kapu la sato wakavu. Mwenyewe akamkaribisha, akamlisha, akamwambia, "Umbo chukua. Rangi na jina ni vyangu." Ndivyo walivyosema wote. Baba alirudi na ruhusa, na kuku ndani ya kapu, maana kapu la mgeni halirudi tupu. Hatukuwahi kusikia mtu aliyenyimwa umbo, ila tulimjua mmoja aliyeiga na rangi. Ufukwe mzima ulimtania mpaka akaukwangua mtumbwi wake na kuupaka upya.

Wetu baba aliupaka bluu na mkanda wa njano, akauita Haraka ya Nini. Mimi ndiye niliyeshika kopo la rangi akiandika, na nadhani ndipo ugonjwa wa brashi uliponiingia, maana leo naishi Musoma na kazi yangu ni kuandika majina ya mitumbwi na mabango ya maduka. Baba alipofariki, mama aliuza mtumbwi. Asubuhi ya kuukabidhi alichukua kipande cha chupa akalikwangua jina lote, herufi baada ya herufi, mnunuzi akimsubiri. "Umenunua mbao," alimwambia. "Jina linabaki nyumbani."

Kibanda kilikufa polepole. Kwanza simu za mkononi zikawa na gemu zake na watoto wakaacha kuja. Kisha umeme ukarudi kwa kishindo siku moja, ukaua mashine zote mbili, na CD ya mji, tulipoitoa ndani, ilikuwa na ufa kutoka katikati hadi ukingoni. Mama aliitundika ukutani kwa uzi. Alirudi Kibara kulima, nayo CD akaenda nayo.

Miaka ikapita kama inavyopita. Halafu mama akaanza kukosea kikombe. Unamwekea chai mezani, mkono wake unapita pembeni. Tulimpeleka kwa daktari wa macho, akasema ni presha ya macho, imekula pembeni na inaelekea katikati. Dawa ya matone ingeichelewesha. Kilichokwishapotea hakirudi. Tukiwa njiani kutoka hospitali, mimi nalia kwa hasira na kaka amenyamaza kama kawaida yake, mama alisema, "Ningependa nione mji wangu tena kabla haijafunga."

Nilidhani anasema Bunda. Kaka alielewa.

Kaka yangu anafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja Butiama. Ni mpole kiasi cha kuudhi. Mimi nikikanyagwa nasema, yeye anaomba radhi kwa kuweka mguu pale. Alitafuta gemu ile ya kununua, hakuna. Walioitengeneza walishafunga, wakanunuliwa na wengine, na hao nao wakanunuliwa na wakubwa zaidi, ambao hawakuiuza tena wala hawakuitaja. Badala yake alikuta mtandaoni kundi la watu wa nchi mbalimbali, wasiojuana sura, wanaoijenga upya kutoka mwanzo kwa mapenzi tu. Msimbo wao, yaani yale maelekezo yanayoiendesha gemu, ulikuwa huria: yeyote anausoma, anaurekebisha, anaongeza chake. Akajiunga, akaandika jina lake kamili na mahali anapofanya kazi, akaweka na picha aliyopiga kwenye harusi ya binamu yetu.

Hapo ndipo akaanza kumpigia mama kila Jumapili baada ya misa.

"Mama, ukijenga soko mbali na kisima inakuwaga nini?"

"Wanawake wanahama kwanza. Halafu waume zao wanawafuata."

"Na daraja likiwa la mbao, mvua ikinyesha?"

"Linaondoka. Ila ukiweka mawe pande zote mbili linashika. Kwani hukumbuki?"

Mama alidhani mtoto wake amekumbuka nyumbani. Alifurahi sana. Aliniambia, "Kaka yako amebadilika, siku hizi anaongea." Kumbe mwenzake anaandika. Kundi zima, huko Ulaya na Marekani na sijui wapi, liliijenga tabia ya wakazi wa ule mji kwa kumbukumbu za mjane mmoja wa Kibara, na hawakujua.

Kundi lilikuwa na utaratibu wa kujilinda. Waliandika msimbo tu. Picha na sauti ulitakiwa uzitoe kwenye CD yako mwenyewe uliyonunua. CD yetu ilikuwa ukutani na ufa wake. Kwa hiyo kaka akazipata picha na sauti zote kutoka kwa mwenzake mmoja wa kundi, akazitia humo humo, akaiweka mtandaoni ikiwa kamili, na jina lake lile lile la zamani, ili akifika Kibara aipakue tu. Wengine wasio na CD nao wakaipenda hiyo hiyo. Jina lenyewe sitalitaja hapa, na si kwa ajili ya woga peke yake.

Krismasi tukakutana Kibara. Tulikula sato na ugali wa muhogo, tukaondoa vyombo, kaka akaweka kompyuta yake mezani na kuunganisha padi aliyoinunua Musoma. Mama alisogeza uso karibu, akigeuza kichwa kidogo kidogo kulitafuta jicho linaloona. Kukapambazuka kwenye kioo. Mzee wa daraja akajitokeza, akavua kofia, akasema yale maneno yake.

"Mara..." mama alianza. Akaishia hapo. "Hii mmepata wapi?"

"Tumeitengeneza, mama," kaka alisema, na sijawahi kumwona akijivuna kabla ya siku ile. "Wewe ndiye ulitusaidia."

"Mimi?"

Akamweleza. Simu za Jumapili, kundi, msimbo, kila kitu. Mama aliweka padi mezani taratibu kama kitu cha moto.

"Kumbe nilikuwaga nakushikia taa uibe. Mmeenda kuomba umbo?"

Kaka alimweleza kwamba kundi lilikuwa na mwiko mmoja uliowekwa na mwanzilishi wake, mtu wa mbali: kamwe, kwa hali yoyote, usiwaandikie wenye gemu. Wakiwa hawajui, hawana neno. Wakiulizwa, itabidi wajibu, na jibu la kampuni ni hapana. "Aliyelala usimwamshe, mama. Ukimwamsha, utalala wewe."

"Sawa. Kwa hiyo ukimchukulia aliyelala, huo siyo wizi?"

Mama akavuta kanga yake. "Mimi sitashika chombo ambacho hakijaombewa. Baba yenu alienda Murangi kwa baiskeli. Nyie mna simu, mnashindwa hata kupiga hodi?"

Tulijaribu kumbembeleza siku mbili. Nilimwambia kwa ukali kwamba macho yake hayasubiri adabu. Akaniambia macho ni yake na adabu ni yake. Basi kaka akakaa, mama akasema, yeye akaandika barua kwa wenye gemu. Ilianza na salamu: hamjambo nyote hapo ofisini na familia zenu, sisi hatujambo isipokuwa mvua zimechelewa na mihogo imedumaa. Ikaeleza yeye ni nani, marehemu mume wake alikuwa nani, kibanda cha Kabasa, umeme uliorudi kwa kishindo. Ikasema watoto wake wametengeneza gemu kwa kuangalia ya kwao, na kwamba wangefika wenyewe na samaki kama isingekuwa mbali. Ikaomba umbo. Kaka aliitafsiri kwa Kiingereza chake kizuri cha ofisini, ikabaki na mihogo na kila kitu, akaituma.

Jibu lilikuja mwezi uliofuata, wala si la kampuni, la wanasheria wake. Lilisema gemu ni mali ya mteja wao, jina ni mali ya mteja wao, na wahusika waiondoe mara moja na kuthibitisha kwa maandishi, la sivyo hatua zingefuata. Siku hiyo hiyo tovuti iliyokuwa inahifadhi kazi ya kundi zima iliifunga. Mwanzilishi alimwandikia kaka mstari mmoja, nisioweza kuuandika hapa kwa sababu mama atasomewa haya, kisha akapotea na wengi wakapotea naye. Kaka aliacha kula. Jina lake, sura yake na mahali anapofanya kazi vyote vilikuwa pale, na kila gari geni lililosimama nje ya ofisi yake Butiama alidhani limemfuata yeye.

Tulipompigia mama simu kumweleza, aliuliza jambo moja kwanza. "Wamejibu salamu?"

"Hapana, mama."

"Hata kuuliza mihogo?"

"Hata."

Kisha akauliza kama watamfunga mwanawe.

Nilimwendea mwanasheria mmoja wa Musoma, mama wa makamo niliyemwandikia bango la ofisi yake. Nilifika nimepandwa na jazba, nikamwaga yote pale mezani pake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza pumzi.

"Huo msimbo aliuandika mwenyewe?" aliuliza.

"Yeye na wenzake."

"Waliifungua gemu ya wenyewe wakanakili kilichomo ndani?"

"Hapana. Wenzake waliangalia inavyocheza. Yeye alimuuliza mama."

"Alimuuliza nani?"

Nilimweleza simu za Jumapili. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akairudisha na kuniambia kwamba hilo si la kuchekesha tu, linasaidia. Ukiangalia kitu kinavyofanya kazi ukatengeneza chako mwenyewe, hapo una mahali pa kusimama, ingawa sheria za nchi hazifanani. "Lakini picha si zenu," alisema. "Muziki si wenu. Sauti ya huyo mzee wenu si yenu. Na jina ndilo baya kuliko yote, maana jina ndilo mlango wa duka lao."

"Lakini hawaiuzi tena!"

"Shamba likigeuka pori bado lina mwenyewe."

"Na sisi hatukuuza. Hatukupata hata senti."

"Hilo linapunguza hasira yao, halifuti kosa. Halafu mahakama yenyewe ni ya wapi? Unaweza ukawa na haki kabisa, ukafilisika njiani ukiifuata." Akaniandikia rasimu ya jibu: tumeondoa, tunathibitisha, hatutarudia kutumia picha, sauti wala jina. Msimbo hakuutaja. "Watakachojibu hakitakuwa ruhusa," alinionya. "Mkiona wamesema wamepokea na wanahifadhi haki zao, shukuruni hivyo hivyo."

Ndivyo walivyojibu, neno kwa neno.

Nilikwenda Kibara nimejiandaa kumgombeza mama. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu njiani. Nikamkuta anapapasa ukuta kutafuta msumari wa kutundikia kikombe, msumari alioupigilia mwenyewe, nikayameza yote. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza alichosema mwanasheria: kutengeneza kwa kuangalia pengine si neno, ila picha, sauti na jina ni vya wenyewe.

Mama alifikiri. "Basi amesema kama yule wa Murangi," alisema. "Umbo chukua, rangi na jina ni vyangu. Nyie mmechukua na rangi." Akapata msumari, akatundika kikombe. "Na mimi nikaenda kuwaomba umbo watu ambao walikuwaga wanalilia rangi yao. Sasa wewe si unapakaga mitumbwi ya watu? Paka huu."

Kazi ilianza hapo, na ilikuwa mashindano na yale macho. Msimbo ulikuwa huria tangu siku ya kwanza, hakuna aliyeweza kuuchukua tena kutoka kwa aliyekwisha kupewa, hata yule mwanzilishi aliyekimbia. Kaka akang'oa kila picha na kila sauti. Mji ukabaki bonde jeusi lenye namba zinazotembea. Mimi nikaanza kupaka: kwenye vipande vya mbao laini, kwa rangi zile zile ninazopakia mitumbwi, kisha napiga picha na kumtumia. Nyumba za Kibara, vichanja vya dagaa, mawe yetu makubwa yanayokaa juu ya mawe mengine, kisima chenye pampu ya mkono. Wateja wangu walisubiri mabango yao wakanung'unika, nami nikawajibu vibaya. Jina jipya la gemu hatukulijadili. Nililiandika mwenyewe juu ya ubao wa bluu wenye mkanda wa njano, Haraka ya Nini, na sijawahi kuandika jina kwa haraka namna ile.

Sauti za watu wanaohamia mjini kaka alizirekodi gulioni Kibara, siku ya dagaa. Mama alimwambia apige hodi kwa kila mmoja kabla ya kumrekodi, naye akapiga, benchi kwa benchi, na hakuna aliyekataa. Mwanasheria alifurahi kuliko mama. Muziki tulipiga ngoma na kayamba wenyewe, vibaya kidogo. Akabaki mzee wa daraja. Nilimpaka kofia ya majani badala ya ile pana, sharubu nikaziondoa. Sauti yake kaka alisema ataitafutia mtu.

Kila nilipokwenda Kibara nilimkuta mama amerudi nyuma hatua nyingine. Kwanza aliniona kama anachungulia kwenye bomba. Kisha aliona mwanga wa dirisha na kivuli changu. Mara ya mwisho nilisimama mlangoni, akauliza, "Nani?" Nilitoka nje nikasimama nyuma ya banda la kuku mpaka nikaweza kurudi na sauti ya kawaida. Zile nyumba nilizozipaka, kila dirisha na kila bati, nilimpakia yeye. Kazi ilikuwa imebaki sehemu ndogo tu.

Tuliimaliza baada ya masika. Tukakaa meza ile ile ya Krismasi, CD yenye ufa ikining'inia ukutani nyuma yetu. Kaka alikaa karibu na mlango, mikono katikati ya magoti. Nikamwekea mama padi mapajani. Hakuishika.

"Safari hii mmewaambia?"

Nilimtazama kaka, kaka akatazama sakafu. "Hapana, mama," alisema.

Kuku walisikika nje. Nilijua kabisa kwamba akikataa sasa hatutakuwa na la kumwambia, miezi yote ile imekwenda na macho nayo yamekwenda.

"Rangi ya nani?"

"Yetu," nilisema. "Nimepaka mimi yote."

"Jina?"

"La baba."

Alipapasa, akaipata padi, vidole gumba vikakaa mahali pake kama havikuwahi kuondoka. "Basi washa," alisema. "Hodi hupigi kwako."

Nikawasha. Jogoo akawika, jogoo wetu wenyewe wa nyuma ya nyumba. Kisha kukatoka sauti ya kiume, ya aibu kidogo, ya mtu aliyerudia kurekodi mara nyingi mpaka akachoka kuogopa: "Shikamoo, mama. Kumekucha."

Mama alishtuka. Aligeuza uso kuelekea mlangoni alikokaa kaka, kisha akaurudisha pale sauti ilipotokea.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Kaka alitoka nje. Nilibaki nikimwambia mama kilichoko: mto uko kushoto, mawe yako juu, uwanja uko tupu. Aliniuliza nyumba ya kwanza nimeipaka rangi gani. Nilimwambia bluu, na mkanda wa njano chini ya dirisha. Akatikisa kichwa polepole, akaijenga. Akajenga ya pili na ya tatu, akiniuliza kidogo tu, kwa sababu lile bonde alilijua kuliko mimi.

Ndipo watu wakaanza kuingia. Nyayo, vicheko, mtoto anaita, mwanamke anatangaza dagaa zake kwa sauti ya kukwaruza. Mama aliinua kichwa.

"Huyo si jirani yangu?" Akacheka. "Hata huku ameniletea kelele." Akasikiliza tena, mdomo wazi, akiwatambua mmoja mmoja. "Wamekuja wengi?"

"Wengi, mama."

"Nionyeshe kisima kiko wapi," alisema. "Tuwape maji, wasije wakaondoka."